Kumuasili mbwa sio kumlea kwa muda

Wiki hii nimeiona tena kwenye status ya mtu, picha ya mbwa wa kahawia amelala kibarazani na chini yake maneno "nimemuasili mpaka mwezi wa 12, baada ya hapo nani atamchukua?" na watu wanampongeza kwa makopakopa. Na mimi nampongeza, kwa moyo wote, maana kumtoa mbwa kwenye banda la shirika la kuokoa wanyama na kumpa kona nyumbani kwako ni jambo kubwa. Ila hajamuasili.

Maana zenyewe ni fupi. Kuasili, wengine wanasema kuadopti, ni kumchukua mbwa moja kwa moja: unajaza fomu, unasaini mkataba, mara nyingi unalipa ada, na kuanzia siku hiyo msosi, chanjo na matibabu ni juu yako mpaka afe. Kumlea kwa muda, kufosta, ni kukaa naye kwako wakati bado ni mbwa wa shirika, mpaka apone, au akue, au apatikane mtu wa kumchukua jumla. Mashirika kama Mbwa wa Africa kule Arusha au KSPCA ya Nairobi yanatafuta watu wa kuasili kila siku, ila bila walezi wa muda shirika dogo lolote linaelemewa haraka sana.

Sasa neno lenyewe, maana ndipo tunapojikwaa. Kuasili limetoka kwenye asili, na asili tumeipata kwa Waarabu, kwao ni shina, mzizi, mahali kitu kinapoanzia. Lakini Waarabu wenyewe wakitaka kusema kumchukua mtoto wa mtu awe wako hawatumii neno hilo, wana tabanni, linalotokana na neno lao la mwana. Yaani kuligeuza asili kuwa kitendo tumefanya sisi Waswahili, na tukalipa uzito wote wa shina: ukimuasili mtoto unakuwa umempa asili mpya, kwenu ndio kwao. Ndio maana "kuasili kwa muda" inanichoma masikio kila nikiisikia. Hakuna asili ya miezi miwili. Na wale wanaoandika "nimemuasi mbwa", jamani, kuasi ni kukataa amri, ni neno lingine kabisa.

Kuna na kupanga. Kamusi za zamani zina "mtoto wa kupanga" kwa mtoto aliyeasiliwa, na Kenya bado utalisikia. Kwetu Tanzania ukisema mbwa wa kupanga mtu anaona mpangaji, analala hapo ila nyumba sio yake, kesho anaweza kuhama na godoro lake, yaani neno lilelile ng'ambo hii ya mpaka linamfaa zaidi mbwa wa kufosta! Kwa hiyo ukiongea na Mkenya muulize kwanza anamaanisha nini.

Kwa watoto wa binadamu ustawi wa jamii walishatenganisha zamani, kuna kuasili na kuna malezi ya kambo, maombi mbalimbali na haki mbalimbali. Kwa mbwa mimi nasema tu kulea, na anayelea ni mlezi. Nadhani watu wanalikimbia kwa sababu wanaliona dogo, kuasili linasikika zito zaidi. Wakati wahenga walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mbwa wengi wa mtaani wanaletwa na ule uvimbe wa sehemu za siri wanaoambukizana wakipandana, unatibika kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6, na wiki zote hizo lazima awepo mtu wa kumpeleka kwa daktari na kumbembeleza ale. Au mama mwenye watoto wanaonyonya, banda sio mahali pao kabisa, kirusi cha parvo, kile cha kuharisha damu, kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, na chanjo ya watoto inaanza wiki ya 6 hivi na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Anayewaficha hao kwenye chumba chake cha stoo miezi miwili ndiye anayewavusha. Huyo ni mlezi, na bila yeye hakuna mbwa wa kuasiliwa.

Madhara ya kuchanganya nimeyaona. Kijana mmoja alichukua jike dhaifu kwetu shirikani, tulikubaliana akipata nguvu arudishwe afungwe kizazi halafu aende kwa familia iliyokuwa inamsubiri, nyumba yao ilishakaguliwa na watoto walishanunua bakuli. Tukapiga simu, kijana akasema kwa upole kabisa, mbwa nimempa mjomba shamba, si nilimuasili? Alikuwa hadanganyi. Siku ya kumkabidhi mmoja wetu ndiye alimwambia "asante kwa kumuasili", akaliamini neno, na neno lilikuwa linamruhusu. Yule jike akazaa hukohuko shamba, na ile familia nilienda mwenyewe kuwaambia.

Kwa hiyo dada yangu wa mbwa wa kahawia, wewe unamlea. Usibadilishe picha, badilisha neno tu, andika "namlea mpaka mwezi wa 12, anatafuta wa kumuasili", mtu akisoma hapo anajua anaombwa nini. Akiumwa piga simu shirika kabla hujamnunulia dawa, na mtu akikuomba umpe, mwelekeze hukohuko. Halafu mwezi wa 12 ukifika, ukaona kila ukishika funguo anakuja kukaa mlangoni na wewe huwezi tena kumwachia, waambie wakupe ile fomu nyingine. Ukishaisaini, hapo umemuasili.