"Vitu vyote shirika": mambo tunasemaka vibaya juu ya kanisa la kwanza

Kila mara tukifika kwa Matendo ya Mitume sura ya 2 na ya 4, pahali inasema waamini walikuwa na vitu vyote shirika, wanauza mali na kugawana, katika kikundi chetu cha maombi huku Goma, mjadala inawaka, mmoja anasema ile ilikuwa komunisti, mwingine anasema basi mchungaji ana haki ya kukuomba parsele (kiwanja) yako, na kuko wenye wananyamaza tu ju walishatoa na wakaumia. Inaniuma, ju ile sura ni nzuri sana na tunaisomaka nusu nusu.

"Wakristo wa kwanza walilazimishwa kuuza kila kitu."

Hapana. Ile habari ya Anania na Safira katika sura ya 5, mume na bibi wenye waliuza shamba, watu wanakumbukaka tu kama walianguka wakakufa, na wanaitumia kuogopesha wengine siku ya matoleo. Lakini soma vile Petro alimwambia Anania: shamba mbele ya kuuzwa si lilikuwa lako, na kisha kuuza, franga si zilikuwa katika uwezo wako? Maana yake alikuwa huru asiuze, alikuwa huru hata kutoa nusu na kusema wazi hii ni nusu. Kosa yake ni uongo, alileta kipande na akaonesha kama ni yote. Alafu katika sura ya 12 Maria mama ya Yohana Marko bado ana nyumba yake Yerusalemu, watu wengi wanaomba ndani, na binti Roda ndiye anaenda kusikiliza nani anabisha mlango, hakuna pahali wanamuuliza kwa nini hajauza. Watu walikuwa wanauza kadiri shida inaonekana, leo huyu, kesho yule, kama Barnaba, Mlawi wa Kipro, mwenye aliuza shamba lake.

"Ukishaweka miguuni pa mitume, imekuwa ya mitume."

Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Watu wanasoma 4:35 wanafika kwa "miguuni pa mitume" wanafunga Biblia! Mstari unaendelea: kila mtu akagawiwa kadiri ya alivyohitaji. Franga ilikuwa inapita pale, haikukaa. Na kabla ya pale, katika sura ya 3, Petro huyo huyo anasimama kwa mlango wa hekalu na kilema anamuomba, na anajibu, fedha na dhahabu sina. Watu walikuwa wameshaanza kuuza mali zao na kugawana tangu sura ya 2, na yeye mfukoni hana kitu. Paulo naye wakati wa kukusanya musaada kwa watakatifu wa Yerusalemu alikataa kuibeba peke yake, alituma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao makanisa yenyewe yalimchagua, na alisema sababu: mtu asipate cha kutulaumu, tunaangalia yenye iko sawa mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiuliza ripoti ya kasha haujamuasi Mungu, unafanya yenye Paulo mwenyewe alitaka.

"Walikuwa moyo mmoja, kwa hiyo hawakugombana."

Waligombana. Sura ya 6, wajane wa wale wenye kusema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa kwa chakula cha kila siku, na manung'uniko yalifuata luga, sisi wa huku tunajua vizuri ile kitu inavyonuka. Mitume hawakusema nyamazeni, tuombe. Waliita mkutano, watu wakachagua saba, na ukisoma majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Walipatia kazi ya kugawa watu wenye majina ya upande ule uliolia. Mimi naona huo ndio umoja, na inachoma, ju inauliza kwetu nani anashika orodha wakati wa kugawa.

"Tuko maskini, sisi ni wa kupokea."

2 Wakorintho 8: makanisa ya Makedonia walikuwa katika umaskini mkubwa na mateso, na wao ndio waliomba Paulo wapewe nafasi ya kutoa. Mimi niliiona kwa macho: mwaka 2021, mlima wa moto Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 mwezi wa 5, kisha siku tano wakatuambia tutoke mujini, tukaenda Sake, watu ni kama majani. Mama mumoja alitupokea, nyumba ya mbao, vyumba viwili, tulikuwa watu tisa kuongeza kwa watu sita wa kwake. Hakutuuliza dini yetu. Alikuwa na murongo (kipimo cha sokoni) moja tu ya maharagi na aliipika yote ile usiku, asubui akaenda kukopa ingine. Tangu siku ile siwezi tena kusema sina kitu cha kutoa.

Ile ya "panda mbegu, Mungu atakurudishia mara mia" nitaisema haraka: Paulo katika ile sura ya 8 anataja shabaha yake, usawa, wingi wenu leo usaidie upungufu wao, na siku ingine wingi wao usaidie wenu, alafu anakumbusha mana jangwani, mwenye aliokota mingi haikumuzidia na wa kidogo haikumupungukia. Na ile "asiyetaka kufanya kazi asile" inasema asiyetaka. Mukimbizi wa vita mwenye aliacha shamba yake huyo si asiyetaka.

Kwa kikundi chetu sasa tuna kaye (daftari) mbili, moja ya yenye inaingia, moja ya yenye inatoka, na ya pili anaishika mama mukimbizi mwenye alikuja juzi juzi, kila Jumamosi anaisoma kwa sauti mbele ya wote.