Kambare amejaa mayai, mbona hatagi bwawani?

Wavuvi wa sangara wa Mwanza huwatumia vifaranga vya kambare kama chambo cha ndoano, kwa hiyo kuna wafugaji wa kando ya ziwa wanaowatotolesha. Mgeni akiishuhudia kazi hiyo hushangaa. Kambare mmoja anachinjwa, fuvu linapasuliwa, na chini ya ubongo kinachomolewa kwa kibano kipunje cheupe. Kinasagwa, kinachanganywa na maji ya chumvi, kisha jike mwingine anachomwa sindano mgongoni. Kesho yake tumbo likiminywa taratibu, mayai yanatiririka.

Wengi huondoka wakiamini sindano ndiyo iliyotengeneza mayai. Sivyo. Maelfu ya mayai hayatengenezwi usiku mmoja, yalikuwemo tayari. Ndiyo maana mtotoleshaji makini humkamua jike mayai machache kwanza, ayatazame. Yakiwa machanga humrudisha majini, maana dawa itapotea bure. Kambare wa porini hutaga mvua zinapofurisha mabondeni. Bwawani mayai hukua hadi karibu na mwisho, ila ishara ile haiji, na dopamini, kemikali ya ubongo, huendelea kuizuia tezi ya pituitari isimwage LH, homoni inayoamuru mayai yakomae na kutoka. Kile kipunje ndiyo tezi yenyewe, ghala la LH. Hata ya dume hufaa.

Panya wa maabara wameonyesha kwamba mnyororo huu unaweza kukatika mapema zaidi. Mwaka 1977 huko Uingereza walielezwa panya wasiotengeneza GnRH, homoni ya ubongo inayoiamsha pituitari. Viungo vyao vya uzazi hubaki vichanga. Lakini mwaka 1984 majike kadhaa waliopandikizwa tishu ya ubongo wa kijusi walishika mimba. Ovari zilikuwa zikisubiri amri tu.

Amri yenyewe ina mwendo wake. Anayebisha hodi, akanyamaza, akabisha tena, hufunguliwa. Anayegonga mlango mfululizo huzoeleka, mwisho hakuna anayeinuka. Seli za pituitari ziko hivyohivyo. GnRH ikija kwa mapigo ya karibukaribu, LH huongezeka. Yakiachana sana, FSH, homoni nyingine ya pituitari inayokuza mayai, hupata nafasi. Ikitiririka bila kukatika, zote mbili hushuka. Timu ya mtafiti Ernst Knobil ililionyesha jambo hili kwa kima mwaka 1978, kwa pigo moja kila saa.

Ndani ya seli, kila pigo huamsha jeni iitwayo Egr1, nayo huwasha jeni ya LH. Majike wa panya wasio na Egr1 hukosa LH, mayai hayatoki, nao ni tasa, ingawa FSH wanayo. Hapa lazima tuwe waangalifu: maabara mbili zilizoiondoa jeni hiyo hazikupata panya wanaofanana. Katika moja, madume walizaa kama kawaida. Katika nyingine, madume nao walikuwa tasa na miili ilikuwa midogo. Tena ovari za majike wa kundi hili la pili hazikuwa na vipokezi vya LH, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo, kwa hiyo kwao hata sindano ya kambare isingesaidia.