Misonobari, mialoni na moto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye vilima vya mchanga vya kusini-mashariki mwa Marekani, msonobari wa sindano ndefu, Pinus palustris, huota pamoja na mialoni mifupi kama Quercus laevis na Quercus incana. Zamani misitu ya msonobari huu ilitanda takriban hekta milioni 36. Leo imebaki sehemu ndogo sana, na dhana potofu zinaendelea kuiumiza.

Dhana: Moto huiua misitu hii.
Kinachoiua ni kukosa moto. Bila moto kila miaka 2 hadi 5, mialoni hufunga kivuli na nyasi hutoweka. Mche wa msonobari hukaa miaka kadhaa ukifanana na shungi la nyasi. Wengi hudhani umedumaa, wakaung'oa, kumbe unajenga mzizi mkuu. Moto ukipita, sindano huungua lakini tumba lililofunikwa katikati husalimika, na ugonjwa wa madoa ya kahawia kwenye sindano hupungua. Shingo ya mzizi ikinenepa kufikia sentimita 2.5 hivi, shina huanza kurefuka. Hapo ndipo pa kuuepusha na moto: tumba limeinuka hadi kwenye ndimi za moto, na gome bado jembamba.

Dhana: Basi msitu uliosahaulika uchomwe mara moja, kwa nguvu.
Hili ndilo kosa linaloangamiza miti mikongwe. Baada ya miongo bila moto, sindano na magome hurundikana shinani, na mizizi myembamba hupanda kuishi humo. Tabaka hilo likiwa kavu hufukuta kwa saa nyingi. Mti huonekana mzima, kisha hufa miezi kadhaa baadaye. Choma siku chache baada ya mvua, tabaka la chini likiwa bado na unyevu, na uzime kwa maji kila panapofuka moshi shinani. Rundo lipunguzwe kidogo kidogo kwa mioto kadhaa.

Dhana: Mialoni ni magugu.
Kwenye mchanga mkavu kabisa, kivuli chake chepesi huisaidia miche ya msonobari kustahimili ukame. Ukiikata, huchipua tena. Moto wa mara kwa mara watosha kuizuia isitawale.

Dhana: Nyasi zitarudi zenyewe.
Aristida stricta, nyasi ya misitu hii, huchanua vizuri ikichomwa Mei hadi Julai. Ikichomwa wakati wa baridi hutoa mbegu chache. Ardhi ikishalimwa kwa plau, nyasi hizi ni nadra kurudi bila kupandwa. Usilime kabla ya kupanda miti.