Sandwichi za samaki za kuletwa na boda: kwa nini naagiza sangara kabla ya kamba

Ukinunua samaki Ggaba, mwalo wa Ziwa Victoria hapa Kampala, unamfunua mashavu mwenyewe. Unaona kama bado ni mekundu, unabonyeza mnofu kuona kama unarudi, unamnusa, na ukitilia shaka unahamia kwa muuzaji wa pili. Sandwichi inayotoka kwenye jiko lisilo na ukumbi, lile linalopika kwa oda za simu peke yake, haikupi nafasi hiyo. Hakuna mlango wa kuingia wala mpishi wa kumtazama usoni. Samaki anakufikia akiwa ndani ya unga, chini ya sosi, kati ya vipande viwili vya mkate.

Kazi yangu ni ubora wa samaki, na miaka yangu mingi imepita kwenye viwanda vya minofu kando ya ziwa. Ndiyo maana wenzangu ofisini Bugolobi, walipoanza kuagiza sandwichi hizi mchana, walinigeukia mimi: je, ni salama? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini nimeonja za kutosha kusema kwamba tofauti kubwa kati ya sandwichi nzuri na mbaya hutokea baada ya chakula kutoka jikoni, pale kinapofungwa na kupakiwa kwenye boda. Jiko linalojua hilo huchagua samaki, mkate na karatasi kwa kuifikiria safari.

Sandwichi za samaki zinazosifiwa duniani karibu zote zilizaliwa hatua chache kutoka majini. Pale Eminönü, Istanbul, samaki anachomwa, anawekwa kwenye mkate pamoja na kitunguu na ndimu, nawe unamla umesimama. Hamburg wanatia kwenye mkate samaki aliyelowekwa kwenye siki, na huyo kwa kuwa ni wa baridi tangu mwanzo anavumilia kukaa. Kule Maine, Marekani, kambakochi huliwa baridi na mayonezi. Connecticut humla wa moto na siagi. Mgawanyo huo wa moto na baridi ndio ninaoutumia kuamua niagize nini Kampala, kwa sababu kila upande una adui yake njiani.

Adui wa samaki wa moto ni mvuke. Kipande kilichotoka kwenye mafuta kinaendelea kutoa maji kwa dakika kadhaa. Kikiwa wazi, mvuke unapaa na ganda linabaki kavu. Ukikifunga papo hapo kwa foili au kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, na matone yanarudi kwenye ganda. Dakika ishirini kwenye foleni ya Jinja Road zinatosha kuligeuza ganda kuwa uji. Dawa yake si ghali: kipande kipumzike kwenye waya dakika mbili au tatu kabla ya kufungwa, boksi liwe la karatasi ngumu lenye matundu, na sosi iwe kwenye kikopo chake. Jiko likikuletea sosi kando bila kuombwa, tayari limenionyesha kwamba linaijua kazi yake.

Kuna jambo lingine ambalo wapishi waliojifunzia pwani hulikuta hapa kwa mshangao. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Kwa hiyo unyevu ulio ndani ya samaki huchemka kwenye joto la chini zaidi, na ukikaanga kwa mafuta yenye moto ule ule wa Mombasa, ganda litakuwa la kahawia kabla kiini hakijaiva. Punguza moto wa mafuta kwa nyuzi sita au saba, ongeza muda kidogo, na kiini kifike nyuzi 63. Nimepokea vipande vyeusi kwa nje na vyenye utelezi katikati, na mara nyingi sababu ni hiyo.

Sasa, kwa nini sangara? Kwanza mnofu wake. Ni mnene, una mafuta kiasi, haumeguki ukiugeuza, na ukishatolewa vizuri hauna vimiba vya kumkwama mtu anayekula huku anaandika barua pepe. Sato ni mtamu, mimi mwenyewe nampenda wa kukaanga mzima na kachumbari, lakini mnofu wake mwembamba hukauka haraka ndani ya mkate.

Pili, njia aliyopita. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na akaja kuwa biashara kubwa ya kuuza nje. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa, kwa hofu za salmonela, kipindupindu, kisha sumu iliyotumika kuvua. Yalikuwa maumivu makubwa kwa wavuvi na wafanyakazi wa viwandani, lakini viwanda vililazimika kuweka barafu, maabara na ukaguzi wa kweli. Mnofu uliopitia kiwanda cha namna hiyo nauamini kuliko kitu chochote cha baharini kinachouzwa mjini hapa. Ubaya ni bei: minofu inatakiwa Ulaya, bondo, yaani kifuko cha hewa cha samaki, linatakiwa China, na anayebaki ziwani analipa kwa ushindani huo. Ndiyo maana sandwichi ya "sangara" ya bei ya kutupa huifungua kwanza. Sangara hupasuka kwa matabaka makubwa meupe; ukiona mnofu wa rangi ya kijivu wenye mstari mwekundu uliokolea, uliza kama si kambale. Kambale si mbaya, ila ulipie kambale.

Kamba ni habari nyingine. Hao wametoka bahari ya Hindi, wamegandishwa, wamesafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa, wamesubiri mpakani, wameshushwa, wamehifadhiwa tena. Wakibaki wameganda safari nzima hawana neno. Wakiyeyuka na kugandishwa upya, maji yanawatoka, mnofu unakuwa laini kama pamba iliyolowa na harufu kali ya amonia inaanza. Kisha jikoni wanachemshwa, wanapozwa, wanachanganywa na mayonezi, na hapo sandwichi ya baridi inaingia kwenye mkoba wa boda pamoja na chipsi za moto za mteja huyo huyo. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na mkoba uliofungwa wenye chipsi ndani ni mahali pazuri mno kwao. Mayonezi ya kiwandani yana asidi na si mkosaji mkuu kama watu wanavyodhani. Ya nyumbani yenye yai bichi ni jambo tofauti, na hiyo kwa delivari siipokei.

Nilimpigia simu mpishi wa jiko moja, dada aliyekulia Likoni, kabla sijaagiza kamba wake.

"Dada, samahani kwa maswali. Kamba mnawayeyushia wapi?"

"Kwenye friji, kaka, tangu usiku. Asubuhi nawachuja, nawachemsha dakika mbili, nawatia kwenye maji ya barafu."

"Na wakibaki?"

"Wakibaki tunakula sisi jioni. Hawarudi kwenye friza."

"Na njiani?"

"Kijana wetu ana mkoba wa baridi peke yake. Chipsi zinakwenda na mkoba mwingine. Wateja wananung'unika kwamba nawatoza zaidi, lakini mimi sitaki mtu aumwe."

Niliagiza. Walifika wa baridi kweli, wamejikunja kama herufi C na si kama duara, maana kamba aliyejikunja hadi mkia ukagusa kichwa amechemka kupita kiasi. Juu yao kulikuwa na ndimu, pilipili mbichi kidogo na kitunguu kilichokatwa chembamba. Mwenzetu wa Goma, ambaye hajawahi kuamini kamba walio mbali na bahari, alikula nusu yangu.

Mkate unastahili neno. Mikate mingi ya Kampala ni laini na ina sukari, na hunywa maji haraka. Bansi ikipakwa siagi ndani na kukaushwa kwenye kaango, mafuta yale huzuia unyevu kwa muda. Lakini kitu kilichonifurahisha zaidi ni sangara aliyekunjwa kwenye chapati, kwa namna ile ile ya rolex ya mtaani, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, pamoja na kabichi mbichi na nyanya iliyotolewa mbegu. Chapati tayari ina mafuta, inapinda bila kupasuka, na haiumizwi na mvuke kama mkate. Ningependa majiko mengi zaidi yaache kuiga bansi za ng'ambo na yafanye hivi.

Ngisi wa kukaanga usiagize kwa boda. Anahitaji dakika mbili kwenye mafuta na meno dakika tano baadaye; akisubiri anakuwa mpira. Jodari na nguru nawauliza kwa ukali zaidi: wakikosa barafu baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, ambayo haiondoki kwa kupika. Ukihisi mnofu unawasha ulimi kama pilipili na hakuna pilipili, tema, usimalize kwa sababu umelipa.

Na sangara akifika amepoa, usiitie sandwichi nzima kwenye maikrowevu. Ifungue, weka majani na nyanya pembeni, kisha pasha kipande peke yake kwenye kaango kavu, moto wa wastani, dakika mbili kila upande hadi kiwe cha moto mpaka katikati. Mkate uweke mwishoni, upande wa ndani ukitazama chini. Sosi ipake ukiwa tayari kula.