Bakteria wengi si vimeng'enya vingi

"Mpe glukosi ya kutosha, naye atakupa amilesi ya kutosha." Dhana hii imewaponza wengi wanaozalisha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, kwa kutumia bakteria wa jenasi Bacillus. Kazi ya amilesi ni kukatakata wanga ili bakteria apate sukari. Akiikuta sukari mezani, ahangaike ya nini? Glukosi ikiwa tele, protini iitwayo CcpA hujishika kwenye DNA na kuzima jeni ya amilesi. Mwanabiolojia Mfaransa Jacques Monod aliona jambo la aina hii Paris mwanzoni mwa miaka ya 1940: bakteria E. coli aliyewekewa glukosi na laktosi (sukari ya maziwa) alimaliza glukosi kwanza, akasita kukua kwa muda, ndipo akaigeukia laktosi. Ndiyo maana chupa inaweza kuwa nzito kwa bakteria huku kipimo cha amilesi kikikatisha tamaa. Tumia wanga au pumba za ngano. Kama ni lazima glukosi iwepo, idondoshe kidogo kidogo isirundikane.

Wengine huvuna mapema, bakteria wakiwa bado wanazaliana kwa kasi, kwa kudhani hapo ndipo uzalishaji umepamba moto. Kwa protisi ya Bacillus (kimeng'enya kinachokata protini), subtilisini kwa mfano, mambo ni kinyume: hupanda chakula kinapopungua na ukuaji unapokwama. Chota sampuli kila baada ya saa chache, uchore mstari wa ukuaji na wa kimeng'enya kwenye grafu moja. Mara nyingi vilele viwili havikutani.

Kuhusu joto, watu huchanganya maswali mawili. Amilesi ya Bacillus licheniformis hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi, lakini ukimwotesha mwenyewe kwenye joto hilo umemuua, zibaki spora tu, yaani mbegu zake sugu zilizolala. Yeye huoteshwa kwenye nyuzi 37 hadi 50. Na E. coli aliyepandikizwa jeni ya kigeni mara nyingi hufaa kushushwa hadi nyuzi 18 au 25, maana akiharakishwa protini hujikunja vibaya na kuganda mabonge yasiyo na kazi.

Kujaza chupa pomoni ili upate mavuno mengi ni kujidanganya. Maji ya nyuzi 37 hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita, na bakteria waliosongamana huimaliza upesi. Oksijeni nyingine huingilia juu, kwenye uso wa maji, kwa hiyo chupa ya mililita 250 itie 50 tu, kisha uitikise mfululizo.

Dhana iliyobaki ni ya kimahesabu: tafuta joto bora, liache hapo bila kulibadilisha, kisha tafuta pH (kipimo cha uasidi), kisha chumvi. Mambo haya huathiriana; pH iliyofaa kwenye nyuzi 30 huenda isifae kwenye 45. Mpango wa majaribio wa wanatakwimu Plackett na Burman wa mwaka 1946 huchuja mambo hadi 11 kwa majaribio 12. Hauonyeshi vizuri jinsi yanavyoathiriana, kwa hiyo mawili au matatu yatakayobaki yafanyie majaribio ya pamoja, ukibadilisha yote kwa mpigo.