Je, wajua? Mbunge wa Marekani anaweza "kusimama" kumpongeza mstaafu bila kusimama

Miaka michache iliyopita rafiki yangu anayeishi Marekani alinitumia picha ya ukurasa uliotiwa kwenye fremu. Ulikuwa umetundikwa sebuleni kwa jirani yake, mzee aliyestaafu baada ya kukaa miongo kadhaa katika bunge la jimbo lake. Juu kulikuwa na jina la mbunge mmoja wa Washington, chini yake "katika Baraza la Wawakilishi", siku na tarehe, kisha hotuba ikaanza: "Mheshimiwa Spika, nasimama leo kumpongeza..."

Jioni hiyohiyo nikaipeleka habari kijiweni, kwenye kahawa. Nikasimulia, kwa madoido kiasi, jinsi Bunge la taifa kubwa kama lile lilivyoweka kando bajeti na vita, likatulia kumsikiliza mtu akimsifu mstaafu wa huko mkoani. Mmoja wetu, mzee ambaye huwa haongei sana, akauliza: "Walipiga makofi?"

Nikafungua simu, nikasoma upya ukurasa mzima. Makofi hayakuwemo.

Swali lake halikuwa la kijinga. Aliyewahi kusoma Taarifa Rasmi za Bunge letu, yaani Hansard, anajua kwamba mbunge akisema jambo likawakuna wenzake, mwandishi huingiza "(Makofi)" palepale kwenye mabano, na ukumbi ukiangua kicheko huingiza "(Kicheko)". Ukumbi mzima utampongezaje mtu kimyakimya?

Jibu ni kwamba ukumbi haukupongeza chochote. Hotuba ile haikutamkwa. Iliandikwa ofisini, ikatiwa saini, ikapelekwa kuchapwa. Spika aliyetajwa hakuisikia, na mbunge aliyesema "nasimama" huenda alikuwa amekaa kitini pake, au yuko kwenye ndege akirudi kwao.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu "jimbo", kwa sababu linatuchanganya. Tanzania mbunge wa jimbo ni yule anayekaa Dodoma. Marekani jimbo ni kama Texas au Wisconsin, lina gavana wake, sheria zake na bunge lake lenyewe. Majimbo yapo 50 na mabunge yake yana wajumbe zaidi ya 7,300. Baadhi hulipwa mshahara wa kueleweka. Wengine, kama wale 400 wa bunge la chini la New Hampshire, hulipwa dola 100 kwa mwaka, pesa isiyotosha hata mafuta ya gari. Msomaji wa Kenya awafikirie kama wajumbe wa bunge la kaunti, ila wenye madaraka mapana zaidi. Bunge la Washington si bosi wao, wala haliwapi kiinua mgongo.

Na wapo wanaokaa humo hadi nywele zikaisha. Fred Risser wa Wisconsin alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1956 na akaondoka Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 93. Hakuna aliyekaa muda mrefu kuliko yeye katika bunge la jimbo lolote la Marekani. Alipoapishwa mwanzoni mwa 1957, Ghana ilikuwa bado koloni. Baba yake, babu yake na baba wa babu yake nao walipita katika bunge hilohilo. Mtu wa namna hiyo akiaga, inaeleweka watu wakitafuta namna ya kusema asante.

Sasa turudi kwenye ule ukurasa, maana mimi sikuwa peke yangu katika kukosea. Unatoka kwenye chapisho liitwalo Congressional Record, kumbukumbu rasmi za Bunge la Marekani, linalochapwa na serikali tangu mwaka 1873. Ukilishika mkononi unaona gazeti jembamba la safu 3 kwa ukurasa, maandishi madogo, halina picha. Kila siku ya kikao hupigwa chapa usiku, asubuhi liko tayari. Kwa kuwa linaitwa kumbukumbu za Bunge, mtu hudhani kila neno lililomo lilisemwa bungeni. Magazeti ya mitaa ya huko nayo mara nyingi huandika kwamba mbunge fulani "alisema katika ukumbi wa Bunge", na familia hukata kipande na kukihifadhi. Hakuna anayedanganya kwa makusudi. Kila mtu anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni "nasimama".

Namna nzuri ya kuuelewa utaratibu huu ni kukumbuka kadi za salamu za redio. Waliokua enzi hizo wanazijua: unanunua kadi dukani, unaandika, "Mimi fulani, nikiwa hapa Magomeni, napenda kuwasalimu wafuatao", unaorodhesha majina, unamalizia na ujumbe, unatuma. Angalia lile neno "nikiwa hapa". Siku kadi inasomwa wewe hupo Magomeni. Umekwenda shambani Morogoro, na kadi yenyewe uliiandika wiki 3 nyuma. Hakuna msikilizaji aliyewahi kupiga simu kulalamika kwamba umedanganya. Kadi ina lugha yake. Inazungumza kana kwamba mwenyewe ameshika kipaza sauti.

Hotuba ya kumpongeza mstaafu ni kadi ya salamu. "Nasimama leo" ndiyo "nikiwa hapa Magomeni" yao. Tofauti ziko mbili. Ya kwanza, redioni kuna mtangazaji anayeisoma kadi kwa sauti, wakati kule Bungeni haisomwi na mtu. Inakwenda moja kwa moja kwenye uchapaji. Ya pili, kadi yako ikishasomwa inatupwa, ila ya kwao inabaki kwenye kumbukumbu za taifa milele, karibu na matangazo ya vita.

Ruhusa yenyewe hupatikana hivi. Wakati wa kikao mbunge mmoja huinuka (huyu huinuka kweli) na kuomba wenzake wote wapewe siku 5 za vikao ili kurekebisha na kurefusha maneno yao. Spika anasema kama hakuna pingamizi basi imekubaliwa. Pingamizi huwa halipo. Kuanzia hapo mbunge anaweza kurefusha hotuba fupi, au "kurefusha" hotuba ambayo hakuitoa kabisa. Kwa ajili ya hizi za pili kuna sehemu maalumu mwishoni mwa gazeti, na humo ndimo wanamokaa wastaafu, timu za shule zilizoshinda kombe, maduka yaliyotimiza miaka 100 na mabibi waliofikisha umri huohuo. Andiko likizidi kurasa 2 za gazeti, lazima mbunge kwanza apate makadirio ya gharama ya kulichapa.

Kwa nini wasiyaseme tu? Piga hesabu. Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani (jingine ni Seneti), lina wabunge 435. Kila mmoja akipewa dakika 5 za kumsifu mstaafu mmoja tu wa kwao, zinakwenda saa 36 na robo, usiku na mchana, na sheria hazijaguswa. Zamani walikuwa wakipitisha hata miswada ya kutenga siku, juma au mwezi wa kuadhimisha hiki na kile, hadi mwaka 1995 Baraza likaipiga marufuku kwa kanuni. Ukurasa haumwondoi mtu kwenye foleni ya kuzungumza. Nasi tuna ndugu yake: Bunge la Tanzania mbunge aliyekosa nafasi ya kuzungumza huweza kuwasilisha mchango kwa maandishi, ukaingia kwenye Hansard na "Mheshimiwa Spika" zake zote. Ila Hansard inakueleza kwamba huo ni wa maandishi.

Wamarekani walichelewa sana kueleza, na hapa ndipo mambo yalipofikia kituko. Tarehe 16 Oktoba 1972, ndege ndogo iliyombeba Hale Boggs wa Louisiana, kiongozi wa wabunge wa chama kilichokuwa na wingi barazani, ilipotea Alaska. Haijaonekana hadi leo. Tarehe 18, siku ya mwisho ya kikao, Congressional Record likatoka na hotuba ya Boggs. Ndani yake alisema kwamba katika dakika chache zijazo angependa kuwatajia wenzake sheria muhimu zilizopitishwa, na akamaliza kwa kuwatakia kila mmoja Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri. Hotuba ilikuwa imeandaliwa mapema kama kawaida, na utaratibu haukuwa na mahali pa kuuliza kama msemaji yupo.

Machi 1978 wakaanza kuweka nukta nene mbele ya maneno ambayo hayakutamkwa. Ungedhani yameisha. Kanuni ikasema mbunge akitamka sehemu yoyote ya hotuba, basi yote inachapwa bila nukta. Kwa hiyo ukisoma sentensi ya kwanza na kukabidhi kurasa 10 zilizobaki, umezisema zote. Katika miaka ya 1980 Baraza la Wawakilishi likaachana na nukta, likaamua maneno yasiyotamkwa yachapwe kwa herufi za sura nyingine. Seneti imebaki na nukta yake. Chini ya ukurasa wa kwanza wa sehemu ya mwisho kuna mstari mdogo unaoeleza alama zote mbili. Ukurasa wa kwanza, nasema. Ule wa jirani wa rafiki yangu haukuwa wa kwanza, na nani hutia kwenye fremu tanbihi?

Usiondoke hapa ukidhani kila sifa ni ya karatasi. Asubuhi wabunge hupewa dakika moja moja za kusema walitakalo, na wapo wanaosimama kweli na kumtaja mstaafu wa kwao, kamera zikiwaona. Njia ya haraka ya kutofautisha ni herufi iliyo mbele ya namba ya ukurasa: H ni shughuli za Baraza la Wawakilishi, S ni za Seneti, na E ni ile sehemu ya maneno ya ziada. Lakini nayo ina mipaka yake. Maneno ya kuchomekwa yanaweza kuwemo hata kwenye kurasa za H, na hapo ni sura ya herufi tu itakayokuambia. Isitoshe, kumbukumbu zikija kujalidiwa kuwa vitabu vya kudumu, kurasa hupewa namba mpya zisizo na herufi.

Hata pongezi zinazopigiwa kura hazina uhakika kwamba zimesikilizwa. Mabunge ya majimbo nayo huwaaga watu wao kwa maazimio yenye "kwa kuwa" nyingi, na Texas ni mabingwa wa kazi hiyo. Tarehe 1 Aprili 1971, mjumbe Tom Moore wa Waco aliwasilisha azimio la kumsifu Albert DeSalvo kwa mchango wake katika kudhibiti ongezeko la watu na katika saikolojia. Likapita bila kupingwa. DeSalvo ndiye mtu aliyekiri kuwa ndiye muuaji aliyewanyonga wanawake kadhaa mjini Boston. Moore akaliondoa mwenyewe, akieleza kwamba alitaka kuwaonyesha wenzake kuwa hawasomi wanachokipitisha.

Baada ya kuyajua haya nikaitafuta ile picha kwenye simu, nikaikuza hadi kona ya juu. Herufi ilikuwa E. Kesho yake kijiweni nikamweleza mzee wa makofi kwamba hakuna aliyesimama, hakuna aliyesema, hakuna aliyesikia. Akanywa kahawa yake kwanza.

"Na huyo mstaafu anajua?"

Nikampigia rafiki yangu amuulize. Anajua siku zote. Alikaa bungeni miaka mingi, na rasimu ya ukurasa ule, alisema, waliomba aipitie yeye mwenyewe wasije wakakosea majina ya wajukuu.