Mwandiko wa kuunganisha bado unafundishwa shuleni?

Unafundishwa, ila si kama zamani. Darasa la kwanza na la pili, ambako tangu 2015 mkazo umewekwa kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mtoto huanza kwa kuumba herufi zilizoachana. Kuunganisha huja baadaye na kwa kweli hutegemea mwalimu. Sisi wakufunzi tunapopita shule za Rungwe na Mbarali, mkoani Mbeya, kukagua mazoezi ya kufundisha, hukuta mwalimu mmoja anaunganisha ubaoni na darasa linamfuata, wa chumba cha pili hagusi kabisa.

Mwandiko ule wa wazee haukuwa urembo mtupu. Kalamu ya kuchovya wino ikinyanyuliwa mara kwa mara huacha matone, hivyo mkono ulikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa neno. Peni za leo zimeondoa sababu hiyo. Huko nje nako kila mtu na lake: Finland iliacha kuulazimisha mwaka 2016, jimbo la California nchini Marekani likapitisha sheria ya kuurudisha shule za msingi mwaka 2023, na Ufaransa haijawahi kuuacha.

Mimi sioni hasara mtoto akiandika herufi zilizoachana, mradi zisomeke. Kinachonisumbua ni somo la mwandiko lenyewe kubanwa. Darasa likifurika, mwalimu husahihisha daftari bila kuona mkono ulivyokwenda. Mtoto hutoa "a" nzuri tu kwa kuanzia chini, na kosa halijulikani hadi atakapotakiwa kuandika haraka. Mtihani wa darasa la saba, ambao majibu yake mengi ni ya kusiliba, yaani kutia weusi herufi ya jibu, nao haumfichui. Insha za sekondari ndizo zitamuumbua.

Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha NTNU, Norway, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa wanafunzi 36 wa chuo. Walipoandika kwa mkono, sehemu za ubongo ziliwasiliana zaidi kuliko walipobonyeza kibodi. Hao ni watu wazima, lakini; isiwe fimbo ya kumlazimisha mtoto wa miaka sita aunganishe.

Nyumbani, mzazi, tazama mkono kabla ya ukurasa. Penseli ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, iegemee cha kati. Herufi a, d, g na o huanzia juu na kuzungukia kushoto. Akizoea mzunguko huo, kuunganisha hakutamsumbua. Anayetumia mkono wa kushoto asichapwe wala asibadilishwe: daftari lisogezwe kushoto kwake, na sehemu ya juu ielekee kulia kidogo. Na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Uporoto au Makete ikikolea, vidole vilivyokufa ganzi haviandiki. Apashe mikono kwanza.

Kusoma mwandiko ulioungana ni jambo jingine, na hilo lisiachwe. Makubaliano mengi ya kuuziana mashamba, mihtasari ya vikao vya kijiji na vitabu vya ubatizo viliandikwa hivyo. Akifika darasa la nne, mpe barua ya zamani ya ukoo aisome kwa sauti. Muanzishie r, s na z, maana hizo zikiungana hubadilika umbo.